Krismasi tuliyokula Herrnhut, 2022

Krismasi ya 2022 mimi na mzee wangu hatukuwa nyumbani, tulikuwa Herrnhut, Ujerumani ya mashariki kule karibu na mpaka wa Poland na Cheki, tumeitwa kuhudumu kwa miezi michache na wote tulikuwa tumeshastaafu, yeye mchungaji mimi nesi. Watoto wetu walihangaika jamani, mama baridi ile utaiweza na presha yako? Nikawaambia dawa nimebeba, baba yenu yupo, tutaonana Mungu akipenda.

Kwa Mmoravian, yaani muumini wa Kanisa la Moravian kama sisi, kuambiwa uende Herrnhut si jambo dogo. Ndiko wakimbizi wa imani walikojenga kijiji chao 1722, ndiko uamsho ulikotokea 1727, na 1732 wakatoka pale ndugu wawili kwenda kisiwa cha St. Thomas huko Karibi kuwapelekea Injili watumwa, na wamisionari waliofika kwetu Rungwe, Tanzania, 1891 ni mzizi huohuo. Leo hii Tanzania ndiyo yenye Wamoravian wengi kuliko nchi yoyote duniani, na kule kulikoanzia wamebaki wachache, wengi wao watu wazima. Basi zamu ya kwenda ikawa ya kwetu.

Kazi yenyewe haikuwa ya mimbarani sana. Mzee alihubiri mara chache kwa Kiingereza huku mtu akitafsiri, lakini siku nyingi tulikuwa kwenye nyumba ya wazee, tunakaa nao, tunasoma neno la siku, tunaomba, au tunanyamaza tu pamoja. Na mimi nasema wazi kabisa, ile ni kazi ya wazee. Kijana ukimkalisha kimya nusu saa na mtu asiyesikia vizuri anaona muda unapotea, anatafuta gitaa, anatafuta programu, lakini sisi tulikuwa tunaingia, tunashika mkono, goti linamuuma yeye na mimi linaniuma, tunaelewana hata lugha ikikataa. Makanisa yanapopanga kutuma watu yangeangalia na wastaafu wake, wapo wengi wenye nguvu bado na hakuna anayewauliza.

Desemba kule giza ni kitu kingine. Saa kumi jioni limeshaingia, asubuhi mpaka karibu saa mbili bado hujaona jua, na katikati ya mwezi theluji ikaanguka, barafu barabarani, mzee wangu ananishika mkono kama siku za uchumba tunatembea taratibu tusianguke. Mwaka ule tena bei ya gesi ilikuwa juu sana kwa ajili ya vita vya Ukraine kwahiyo watu walipunguza hita, ndani unakaa na sweta mbili. Lakini ukitoka nje ile jioni ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, yale majuma ya kungojea Krismasi, ukaona nyota za taa zimewashwa, kwenye baraza, madirishani, mlango wa kanisa, nyeupe, za njano, nyekundu, unasimama tu. Mimi nilisimama mpaka mzee akaniambia mama twende utaugua.

Zile nyota zina habari yake na mimi ilinigusa kuliko vyote nilivyosikia pale. Zilianzia Niesky, mji mwingine wa Wamoravian si mbali na hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1800, kwenye shule ya bweni, watoto wanafundishwa hesabu za maumbo kwa kutengeneza nyota za karatasi. Na kwenye bweni walikuwepo watoto wa wamisionari, wazazi wao wako nchi za mbali ng'ambo ya bahari, Krismasi inafika mtoto yuko na mwalimu. Baadaye 1897 bwana mmoja Pieter Hendrik Verbeek akabuni namna ya kuziunganisha vizuri ziweze kuuzwa, na kiwanda kipo Herrnhut mpaka leo. Sisi tumelelewa kusikia sifa za wamisionari, malaria waliyougua, makaburi yao, sawa kabisa wanastahili, ila wale watoto wa bweni nani huwataja? Niliposikia hivyo nikamkumbuka mjukuu wangu wa miaka sita aliyeniuliza kwenye simu, Bibi, Krismasi hii kwanini haupo? Sikuwa na jibu ambalo mtoto wa miaka sita angeliridhika nalo.

Pale nyumba ya wazee kulikuwa na mama mmoja wa miaka themanini na kitu, mwembamba, macho yake makali sana. Mwaka 1945 alikuwa mtoto wa shule, na ule usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Mei, vita ndiyo inaisha, katikati ya mji pakaungua na jengo la kanisa likaungua nalo, yeye aliuona moto. Baba yake hakurudi kutoka vitani. Alitusimulia hayo mimi na yeye tukiwa tunaunganisha nyota, na binti anayefanya kazi pale anatutafsiria. Alisema Krismasi iliyofuata nyota hawakuwa nayo, karatasi yenyewe ilikuwa hamna.

Ile nyota tuliyounganisha ilikuwa ya karatasi, ina ncha 25, 17 kitako chake cha pembe nne na 8 cha pembe tatu, unazipanga kwa utaratibu unashika moja na nyingine kwa vibanio vidogo vya chuma vyenye miguu miwili, unapitisha kwenye tundu halafu unaipanua miguu upande wa ndani. Juu inabaki nafasi moja haina ncha, hapo ndipo taa inapoingilia. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, kibanio kinaanguka, naokota, kinaanguka tena, nikataka kumpokea nimalizie akaukataa mkono wangu, akafanya mwenyewe. Ilituchukua karibu mchana mzima. Ilipowaka juu ya meza yake alipiga makofi mawili matatu hivi, halafu akafuta macho.

Tarehe 24 theluji ilikuwa imeshayeyuka yote. Alasiri kulikuwa na ibada ya watoto kanisani. Kanisa lao ndani ni jeupe, mabenchi meupe, hamna madhabahu, kuna meza tu mbele, na watoto wamejaa na makelele yao mpaka mzee akasema sasa nimefika nyumbani. Mwishoni kila mtoto anapewa mshumaa unaowaka, umezungushiwa karatasi nyekundu. Desturi hii ilianza 1747 mahali panaitwa Marienborn, Johannes de Watteville aliwapa watoto mishumaa ili wakumbuke moto wa upendo wa Yesu mioyoni mwao. Nikaambiwa na mimi nisaidie kugawa. Sijui nielezeje, mimi bibi wa Rungwe namkabidhi mtoto wa Kijerumani moto mkononi, anaangalia ule mshumaa kwa umakini wote, hata kunitazama hana muda, na nikawa namwombea kila mmoja kimoyomoyo, haraka haraka maana mstari ulikuwa mrefu.

Sasa wazee wasioweza kutoka ilikuwaje. Moto hauruhusiwi kuingizwa kwenye ile nyumba na ni sahihi kabisa, kuna watu wana oksijeni mle. Basi familia kadhaa zenye watoto tukakubaliana twende tusimame nje upande wa madirisha. Tukaenda, upepo unazima mishumaa, huyu anamwashia yule, yule anamwashia mwingine, wakaimba, na wazee wakasogezwa dirishani kwenye viti vyao vya magurudumu. Yule mama nilimwona, nyota yake inawaka nyuma yake, anagonga kioo kwa kidole. Mzee wangu akaomba Baba Yetu kwa Kiswahili kwa sauti kubwa ile ya mchungaji wa shamba asiyejua maiki, watoto wote wakanyamaza.

Baadaye mimi nikaingia kumsalimia. Akaniuliza wajukuu wangu ni wangapi na wanaitwa nani. Kumbe alikuwa anataka kuandika. Akatoa kile kitabu kidogo cha bluu cha maneno ya kila siku, kinachotolewa palepale Herrnhut tangu 1731, akafungua cha mwaka mpya 2023, akanipa ishara nimtajie herufi moja moja, na kila jina akaliandika kwenye siku yake pembeni ya aya, herufi zimepinda lakini zinasomeka. Mmoja Januari 3, mwingine Januari 4, hivyo hivyo mpaka wakaisha. Binti akanitafsiria kwamba siku hiyo ikifika atamwombea mtoto huyo asubuhi na jioni kwa sababu ametukopesha bibi yake.

Nililia. Sioni haya kusema.

Usiku tukapiga simu nyumbani, kwao ilikuwa inakaribia saa nne lakini mkesha wa Krismasi nani analala. Watoto wamejazana kwenye kioo cha simu, huyu anasukuma yule. Nikamwambia yule wa miaka sita kuna bibi mwingine huku, mzee kuliko mimi, ameandika jina lako kwenye kitabu chake atakuombea. Akanyamaza akafikiria. Akauliza, ameandika vizuri? Nikamwambia vizuri, nilimtajia mimi herufi. Basi akasema mwambie aandike na la paka, maana anaumwa mguu.

Kesho yake baada ya ibada nikaenda nikamwambia. Akasikiliza mpaka mwisho, akavaa miwani, akafungua kile kitabu na kuniuliza ni mguu upi.