Mbaazi Zilibaki, Mahamri Yakapungua

Nilipokuwa na mimba ya mapacha, kila nyumba niliyoingia Kibokoni ilikuwa na sahani yangu. "Kula mwanangu, wewe wala kwa watatu," mavyaa wangu akiniambia, na hamri jingine lishafika mkononi. Kwa hiyo majibu ya kipimo cha sukari cha wiki ya 26 yalipotoka, kazi ngumu ilikuwa kukataa vyakula vya watu bila kuonekana nina maringo.

Kipimo chenyewe: unakwenda hujala tangu usiku, unatolewa damu, unanyweshwa maji yenye gramu 75 za glukosi (matamu mpaka meno yanauma), halafu unatolewa damu tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Mpaka ni milimoli 5.1 kwa lita ya damu kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa moja, 8.5 baada ya mbili. Namba moja tu ikifika hapo, una kisukari cha mimba. Zangu mbili zilipita.

Wifi yangu alisema ni halwa ya harusi ya mwezi uliotangulia. Nimemsamehe. Daktari alieleza kuwa kondo la nyuma hutoa homoni zinazoizuia insulini ya mama, ile inayoshusha sukari kwenye damu, isifanye kazi sawasawa, na mwili usipoweza kuongeza insulini ya kutosha, sukari hupanda. Wanangu kila mmoja alikuwa na kondo lake.

Mtaalamu wa lishe nilimwendea nikiwa nimejiandaa kunyang'anywa kila kitu. Akaniuliza asubuhi nala nini. Mahamri na mbaazi za nazi, nikamwambia, na chai ya maziwa. Akasema mbaazi nibaki nazo, bakuli zima nikitaka, kwa sababu zina protini na nyuzinyuzi na sukari yake huingia kwenye damu polepole. Hamri liwe moja, chai isitiwe sukari. Na nisijinyime: mapacha wanahitaji chakula, mama akikaa na njaa mwili huanza kuchoma mafuta yake, na hilo nalo si zuri kwao. Nile kidogo kidogo, mara nyingi, na kitu chepesi kabla ya kulala.

Lengo lilikuwa chini ya 5.3 asubuhi kabla ya kula, na chini ya 7.8 saa moja baada ya chakula. Nikawa najichoma kidole. Mahamri mawili na chai tamu: 9.6. Hamri moja, mbaazi na yai: 7.2. Baada ya kuona hizo namba sikuhitaji tena kubembelezwa na mtu.

Halafu Ramadhani ikaingia. Kufunga nilikatazwa na daktari, na mwenye mimba ana ruhusa yake, lakini nani amekatazwa futari? Kaimati, tambi za sukari, mkate wa sinia, muhogo wa nazi, viazi, vyote kwenye mkeka mmoja. Nikaanza na samaki na mchicha, nikanywa maji, na vile vya wanga nikachagua kimoja tu. Muhogo ukishinda, wali haupo. Mavyaa aliona najitesa. "Hawa watoto watashiba nini?" Nilimwonyesha picha ya hospitali, kwamba wote wawili wanakua vizuri. Hakusema kitu, ila kesho yake alinipikia changu wa kuchoma peke yangu.

Sukari ya asubuhi ndiyo iliyokataa kushuka. Usiku ini hutoa sukari lenyewe hata kama hujala, kwa hiyo chakula pekee hakikutosha, nikaandikiwa insulini ya usiku. Niliiogopa kwa ajili ya watoto mpaka nesi aliponiambia kinachovuka kondo kwenda kwao ni sukari, si insulini ninayojidunga. Joto la kaskazi lilikuwa kali na stima ikipotea ovyo. Friji ikizima, nilifunga kalamu ya insulini kwenye mfuko wa plastiki na kuiweka ndani ya mtungi wa udongo.

Wamezaliwa wiki ya 37, mvulana na msichana. Walichomwa visigino mara kwa mara, kwa sababu mtoto aliyezoea sukari nyingi ya mama hutengeneza insulini nyingi, na akishakatwa kitovu sukari yake huweza kuanguka. Ya msichana ilishuka. Akanyonyeshwa maziwa ya mwanzo palepale, ikapanda.

Baada ya arobaini nilirudia kile kipimo cha glukosi, kikawa salama. Nimeambiwa niendelee kupima kila mwaka, maana aliyepata kisukari cha mimba yuko karibu zaidi kupata kile cha kudumu baadaye. Mashine ya kupimia sukari bado iko kabatini. Juzi mavyaa aliniomba nimpime naye, kabla ya chai, kwa sindano mpya. Ilisoma 8.3. Jumatatu nampeleka kliniki, na tayari ameshauliza kama mbaazi anaruhusiwa.