Siku yangu maabara, Chake Chake: saa nzima ya mrija mmoja

Nikishasali alfajiri nachemsha chai, nawatayarisha wanangu kwenda skuli, na saa moja kasorobo nishapanda gari. Saa moja na nusu niko maabara: nafuta meza kwa dawa, naandika joto la friji kwenye daftari. Mpaka saa nne ni malaria, sukari na wingi wa damu. Hayo mnayajua.

Saa nne na robo akaingia mzee na binti yake kutoka Micheweni. Binti kafunika jicho la kulia kwa ncha ya mtandio, mwanga wa dirisha tu unamtoa machozi. Ni msukaji wa mikeka, na mwezi wa pili huu hajashika ukili. Daktari wa macho kaandika uveitisi, yaani uvimbe wa ndani ya jicho, akaomba ESR (kasi ya chembe nyekundu za damu kuzama), CRP (protini ya damu inayopanda mwilini mkiwa na uvimbe) na kaswende, maana kaswende nayo hujificha jichoni.

Kwa ESR nachanganya damu na sitreti, dawa ya kuizuia isigande, sehemu nne kwa moja, naivuta kwenye mrija wa Westergren mpaka alama ya sifuri, nausimamisha wima mbali na jua, naandika saa. Baada ya saa moja nasoma chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Mwilini mkiwa na uvimbe, faibrinojeni, protini ya damu, huongezeka, chembe zikashikana kama sarafu zilizopangwa na kuzama upesi. Hakuna namna ya kuiharakisha saa hiyo.

Dakika ya kumi na tano mzee yuko mlangoni.

"Mwanangu, bado?"

"Bado, baba."

Dakika ya ishirini na tano karudi, gari ya Micheweni inajaa. Dakika ya arobaini, toroli la mitungi ya oksijeni likapita na kuigonga meza. Mrija ukatikisika, na mrija uliotikisika hutoa namba ya uongo. Ningeisubiri na kuiandika, asingejua mtu. Nikavuta damu kwenye mrija mwingine nikaanza saa upya, kisha nikatoka kumwambia mzee. Alinifokea mbele ya foleni yote, kwamba tunawachezea watu wa shamba. Nilisimama nikamsikiliza mpaka akamaliza. Koo lilinikauka.

Nikarudi kwenye CRP: tone la seramu, tone la dawa nyeupe kama maziwa, nazungusha kibao kwa dakika mbili chini ya taa nikiangalia kama inakatika vipunje. Ilibaki maziwa, yaani CRP haikupanda. Kaswende hakuna. ESR, 12, ya kawaida.

"Jicho jekundu vile, unaniambia damu safi?"

Nikamweleza hili ambalo wengi hawalijui. Jicho ni dogo, baba. Moto unaweza kuwaka chumbani na uani pasionekane moshi. Anayeujua ukali wake ni daktari wa macho, akiingiza mwanga mwembamba kwa darubini na kuhesabu chembe zinazoelea kwenye maji ya mbele ya jicho. Na mama mjamzito mwenye upungufu wa damu ESR yake hupanda, macho yake mazima kabisa. Sisi tunatafuta kama kuna ugonjwa mwingine mwilini unaolitesa jicho.

Binti ndiye aliyenishika mkono. "Kwa hiyo namba hii haisemi kwamba siumwi? Nyumbani wanasema najisingizia."

"Haisemi hivyo hata kidogo. Nenda na hiki cheti leo leo."

Baada ya hapo sikumbuki vizuri. Adhuhuri nilisali kwa haraka, wali niliula umepoa, mchana ukaleta vichupa juu ya vichupa na miguu ikawa mizito. Nilikuwa nishavua koti cheti chake kiliporudi: daktari kaona chembe nyingi jichoni, kamuanzishia matone, na anataka nipime ini na wingi wa damu kabla ya kufikiria methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili.

Nikavaa koti tena. Mzee alikuwa kwenye benchi, gari imeshamuacha. Binti aliingia peke yake, akakaa, akapandisha mkono wa baibui kabla sijamwambia.