Mpini wa mninga na pembe ya ng'ombe: tundu lilinifundisha kazi

Fimbo yangu ya kuvulia kuhe, samaki wa Ziwa Tanganyika, ilianza kuchakaa mkononi. Sponji ya mpini ilimeguka, ikawa inanyonya maji na kunuka shombo hata nikiianika siku nzima, wakati ufito wenyewe ulikuwa mzima kabisa. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, nikaamua kuutengenezea mpini mpya wa mti na pembe.

Mafundi wa Ulaya na Marekani hutumia pembe za mnyama wa kwao anayefanana na kulungu, ambaye huziangusha kila mwaka na kuotesha nyingine. Zile ni mfupa. Mimi hapa Kigoma nilichukua za ng'ombe, ambazo ni za asili moja na kucha zetu. Za kongoni au pofu sikuziulizia kabisa: ni nyara za Serikali, na bila kibali ni kesi. Machinjioni walinipa mbili bure. Nilizichemsha mpaka gamba likaachia mfupa wa ndani, nikaziacha kivulini zikauke. Nilichotaka ni ncha, maana huko pembe imejaa, haina uwazi.

Kwenye mti ndiko nilikohangaika. Nilikuwa na kipande cha mninga cha sentimita 30, nikakibana kwenye jiriwa na kukitoboa kwa keekee kutoka kichwani. Biti ilikwenda vizuri, halafu ikatokeza ubavuni. Kipande cha pili kikafanya vilevile. Niliumia sana, mninga mzuri siku hizi haupatikani kirahisi. Nikampelekea seremala mmoja wa Mwanga, hapahapa mjini Kigoma, akaugeuza mkononi, akasema: "Mdogo wangu, biti inafuata nyuzi za mti. Kata vifupi."

Nikakata vipande sita vya sentimita tano tano, nikaviandika namba kwa penseli ili nyuzi zirudiane zilivyokuwa. Seremala alisimama mbele, mimi nikashika keekee kwa ubavuni, kila mmoja akichungulia kama biti ya milimita 10 imesimama wima. Kila sentimita moja niliichomoa kutoa unga. Vumbi la mninga linawasha, kwa hiyo nilifunga kitambaa puani. Pete ya pembe, niliyoikata kwenye ile ncha, niliitoboa polepole na kuichovya majini mara kwa mara. Ukikimbiza, inapata moto, inanuka kama nywele zilizoungua, kisha inapasuka. Ya kwanza ilipasuka hivyo.

Vyote nikavipanga kwenye bolti ndefu niliyoipaka nta ya mshumaa isinase, nikavitia gundi na kukaza nati. Hapo ndipo nilipoanza kuchonga, kwa tupa kisha msasa, nikiufuata mkono wangu: umenenepa kwenye kiganja, umebonyea pa kidole gumba. Kwa kuwa tundu lilitangulia, nilichonga nikilizunguka, nalo likabaki katikati. Ukianza na umbo, biti ikikosea umepoteza kila kitu.

Ufito wangu una milimita 12 kitakoni na unapungua kwenda juu. Kwa hiyo nilichukua kipande cha ufito uliovunjika zamani, nikakizungushia msasa kwa gundi, nikapanua tundu kidogo kidogo nikijaribisha. Jioni mbili ziliishia hapo, wala sizijutii. Mwisho nikakwaruza ufito, nikauzungushia uzi sehemu mbili usicheze, nikapaka gundi ya mirija miwili na kuuacha siku nzima. Juu nilipaka mafuta ya kitani tu, kwa sababu vanishi huteleza mkono ukilowa.

Ziwa lilipofunguliwa nilikwenda kwenye mawe ya Katonga. Kuhe wa kwanza alipogusa ndoana nilimsikia kiganjani kabla mshipi haujakaza, jambo ambalo sponji haikuwahi kunipa. Pete ya pembe haijalegea mpaka leo, na pale pa kidole gumba mninga umeanza kung'aa wenyewe.