Ukimwambia fundi "nirekebishie", mwambie na wapi

Kwenye kazi yangu ya ushonaji hakuna neno ninalolisikia kama "rekebisha". Mteja anatua suruali ya mtumba mezani, "Fundi, naomba nirekebishie hii," halafu anauliza aifuate saa ngapi. Nikimuuliza nirekebishe nini, ananishangaa.

Jamani, humo ndani mna kazi nyingi. Kuna kupunguza, na lazima nijue ni urefu au upana. Kuna kubana, mshono unaingizwa ndani ili nguo ishike mwili. Kuna kuachia, yaani nafumua na kuitanua kwa kitambaa kilichobaki ndani ya mshono. Huku kwenye kuachia ndiko tunakogombana, kwa sababu nguo nyingi za kiwandani hazibakizwi kitu. Ukinenepa, shati la dukani siwezi kulitanua kwa kitambaa ambacho hakimo.

Chukua kiuno cha suruali ya kitambaa. Nafumua mshono wa katikati, kule nyuma. Nikiingiza inchi moja kila upande, 36 inakuwa 34 na inakaa vizuri. Sasa mtu anataka 36 hiyohiyo iwe 32. Nikiibana palepale, mifuko ya nyuma inasogeleana na mishono ya pembeni inavutwa nyuma, suruali inaonekana kama ya kuazima. Inabidi nifungue mkanda wote wa kiuno, nigawe punguzo mpaka pembeni, kisha niurudishie. Hiyo haiwezi kuwa bei moja na kukunja pindo, na wala sioni haya kuisema mapema. Jinzi ndiyo kabisa: mshono wa nyuma umelazwa na kupigwa uzi mara mbili, inataka sindano namba 16. Ukiipitisha kwenye sindano nyembamba ya 11 ya vitambaa laini, sindano inakatika.

Sare za shule nazipenda kuliko zote. Mama akiniletea sketi ndefu ya binti yake, sikati. Nakunja pindo pana, inchi tatu hivi, ili mwakani tulishushe mtoto akirefuka. Kuna mafundi wanaokata kila kinachozidi kwa sababu mkunjo mwembamba unapendeza na unashoneka haraka. Hilo silikubali hata kidogo. Mzazi amenunua kitambaa kile kwa hela yake.

Kwa hiyo ukija, njoo tayari kuivaa. Nikiiona mwilini naweka chaki mahali penyewe. Nguo iliyolala mezani hainionyeshi bega linaloanguka. Na kama ni gauni la harusi, beba viatu utakavyovaa siku hiyo, si ndala. Kisigino cha inchi tatu kinapandisha pindo lote, na dada, nikishakata siwezi kulirudisha chini.