Padri Lucian na maporomoko yaliyo ndani ya Twiga

Ukitaja padri na elimu ya nyota, wengi watakutajia Georges Lemaître wa Ubelgiji, aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka. Anastahili. Ila mimi siku hizi namuwaza zaidi Lucian Kemble, Mfransisko wa Kanada, aliyezaliwa 1922 na kufariki 1999.

Yeye hakuacha nadharia. Alipenda kutazama, kisha kumsimulia mwenzake alichokiona. Usiku mmoja, akiwa na darubini ndogo ya macho mawili, ile ya kushika mkononi inayokuza mara 7, aliona nyota hafifu kama ishirini zimejipanga mstari, zinateremka hadi kwenye kishada kidogo cha nyota kiitwacho NGC 1502. Akamwandikia barua Walter Scott Houston, mwandishi wa safu katika jarida la Sky & Telescope. Mwaka 1980 Houston akawatangazia wasomaji wake, akayaita Maporomoko ya Kemble. Darubini kubwa isingemwonyesha kitu hicho. Mstari wote una urefu wa miezi mipevu mitano iliyopangwa bega kwa bega, na darubini kubwa huona kipande kidogo tu cha anga.

Na yako wapi maporomoko hayo? Ndani ya kundinyota la Twiga! Nilipolisoma hilo nilifurahi mno, sisi Watanzania ambao twiga ndiye mnyama wetu wa taifa.

Kutoka Mwanza, Twiga hapandi juu. Mwanzoni mwa Januari, mnamo saa nne usiku, maporomoko yanakaa kaskazini, nyuzi 24 hivi kutoka upeo wa macho. Nyoosha mkono, pandanisha ngumi mbili na nusu, umefika. Ndiyo maana napenda kwenda Igombe, ziwa likiwa mbele yangu. Tatizo ni kwamba giza ninalolitaka mimi ndilo wanalolitaka wavuvi wa dagaa. Mwezi ukipevuka taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika. Mwezi ukifa, ziwa zima linawaka taa. Silalamiki, dagaa ndio wanaosomesha watoto wa huku. Na taa zenyewe zinabaki chini, Twiga yuko juu yake.

Juzi mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu aliniita.

“Mwanangu, unatafuta nini huko?”

“Shikamoo babu. Natafuta nyota. Karibu utazame.”

Mikono yake ilitetemeka, picha ikawa inacheza. Akaegemeza viwiko kwenye ubavu wa mtumbwi, akatulia, akakaa kimya muda mrefu kweli. “Zimepangana kama maboya ya wavu,” akasema, halafu akamwita mwenzake naye aone. Nadhani Padri Kemble angempenda sana mzee yule, hasa kwa kule kumwita mwenzake.

Nimeshamwomba Baba Paroko awaruhusu watoto wa Utoto Mtakatifu waje Igombe mwezi ukiandama, pamoja na wazazi wao. Darubini moja ya mkononi itatutosha, watapokezana.