Kukata amari maji yakipwa: kuitazama Treasure Island na watoto wa pwani

Treasure Island ya mwaka 1950 ndiyo filamu ya kwanza ya Disney kuigizwa na watu tu, bila katuni. Byron Haskin aliiongoza kutoka riwaya ya Robert Louis Stevenson, ile ambayo wazee wetu waliisoma kwa Kiswahili kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Nakala kamili ni dakika 96. Ukiona fupi kuliko hapo, huenda imekatwa.

Anzeni baada ya Isha. Mkianza baada ya Maghrib, adhana itawakuta katikati na watoto watasahau nani yuko upande gani. Msimu wa kusi msitundike shuka uani, maana litageuka tanga. Ukuta uliopakwa chokaa unatosha.

Kinachowashinda watoto ni maneno. Robert Newton, anayemcheza Long John Silver, haramia wa mguu mmoja, anazungumza kwa lafudhi nzito ya magharibi ya Uingereza, na hata anayefanya vizuri Kiingereza cha skuli hupotea. Mtu mzima mmoja asimulie, na atumie maneno ya bahari yetu: omo (mbele ya chombo), tezi (nyuma yake), mlingoti, amari (kamba ya nanga). Ukisema "kamba ya meli" kila mahali, umewanyima watoto nusu ya utamu.

Amari ndiyo roho ya hadithi. Jim, kijana anayesimulia riwaya, anakwenda usiku kuikata ili meli iliyotekwa na maharamia ichukuliwe na maji. Riwaya inaipa safari hiyo ya baharini sura sita. Filamu haina nafasi hiyo, kwa hiyo simamisheni mashine mueleze. Kidau anachotumia Jim ni ngozi ya mbuzi iliyovikwa fremu ya mti. Hakina mkuku (uti wa chini) wala mrengu (mti wa ubavuni wa kukizuia kisipinduke), kinazunguka kama kifuu, na kinafika kwenye meli kwa sababu tu maji yanapwa kuelekea huko. Mtoto aliyeona bamvua la Unguja, maji yakishuka karibu mita 4, hahitaji kuambiwa mara mbili nguvu ya mkondo huo.

Lakini mbona Jim hakati mara moja? Kwa sababu mkondo unaivuta meli na amari imekazika. Ukiikata ikiwa hivyo, inaruka na kukupindua wewe na kidau chako. Kwa hiyo anakata uzi mmoja mmoja mpaka zinabaki mbili, kisha anangoja. Upepo unapoisukuma meli dhidi ya mkondo, amari inalegea, naye anamalizia.

Hili lionesheni kwa mikono. Chukueni kamba ya makumbi ya nyuzi tatu, unene wa kidole cha shahada, muifunge kwenye boriti na kuning'iniza ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, shibiri moja kutoka chini. Mtu mzima akate uzi wa kwanza: zile mbili zilizobaki zinalia na kujinyoosha. Sasa mwengine ainue ndoo kidogo, kamba ilegee, ndipo zikatwe. Kimya. Rudieni bila kuinua, muone kipande cha juu kinavyoruka. Watoto wakae hatua tatu nyuma. Nailoni msitumie kabisa, inavutika kama mpira na ncha yake inapiga jicho. Kisu butu nacho kinaharibu, kinachana nyuzi zote kwa pamoja.

Haramia Israel Hands anapomfukuza Jim juu ya mlingoti na kisu, wadogo chini ya miaka saba washikwe karibu.

Mwisho wa filamu haumo kitabuni. Kule Silver anatoroka bandarini na mfuko mmoja wa fedha. Hapa anamlazimisha Jim kushika usukani, Jim anakipandisha chombo kwenye fungu la mchanga kwa makusudi, na Silver anashindwa kumpiga risasi. Mimi naupenda zaidi huu. Mtu wa mguu mmoja hawezi kusukuma mashua iliyokwama peke yake, na kila mtoto wa Kizimkazi analijua hilo kabla Jim hajarudi kutia bega.