Nyama isiyo nyama

Kabla hamjauliza: Kenya ni mtaa wa Lubumbashi, huku Kongo. Mama yangu kule Makete bado anaamini nimehama nchi mara mbili, kwa sababu siku hiyo nilimwambia kwenye simu, "Niko Kenya, natafuta kitoweo."

Zilikuwa zile tarehe mbaya, mshahara umekwisha na mwingine haujanukia. Kwenye kona ya soko mama mmoja ameweka sinia, juu yake kitu cha kahawia kilichokatwa vipande, kama soseji nene. Nikachukua viwili nile na bukari (ndivyo wanavyouita ugali hapa). Kinatafunika kama maini yaliyoiva sana, pilipili inakuja nyuma. Nikauliza ni nyama ya nini.

"Ile haiko nyama, papa. Ni chikanda."

Akacheka, akanisogezea kigoda. Ni unga wa vizizi vilivyokaushwa, karanga za kutwanga, chumvi, pilipili na magadi kidogo. Unasonga mpaka ugande, kisha unapalia makaa juu na chini. Kinachogandisha ni utelezi wa vile vizizi. Akachota konzi moja kwenye mfuko anionyeshe, nami nikanyamaza.

Navijua. Utotoni tulivichimba kwenye nyika za kandokando ya Kitulo. Ni vizizi vya maua ya okidi. Shina moja lina viwili: kimoja kimesinyaa, ndicho kilicholisha ua la mwaka huu, kingine kigumu, akiba ya mwakani. Wanunuzi walitaka kile kigumu. Ukishakichukua, ua hilo halirudi. Sisi tulihesabu madebe tu. Na hatukula hata kimoja, nyumbani kwetu hakuna aliyejua kinapikwaje! Vilikuwa vinakwenda Zambia, ambako vya kwao vilishaanza kuadimika. Yaani chetu badala ya chao, na chao badala ya nyama. Mwaka 2005 Kitulo, tunayoiita Bustani ya Mungu, ikawa hifadhi ya taifa, na okidi zilichangia sana.

Siku hizi kazi yangu ni kupokea malori yanayotoka Dar kwa njia ya Tunduma na Kasumbalesa. Karatasi za kila mzigo napitia mwenyewe. Gunia la vizizi sijawahi kuliona limeandikwa popote.

Mama chikanda anasema vyake vinatoka "kule Zambia". Huenda. Nikaongeza vipande viwili vya jioni.